Jumapili Magari Yalipolala Kashai

Nilikuwa nimekata kauli kwamba Bukoba mjini sitakanyaga tena, na watu wa Kishanda walikwisha kuacha kuniuliza sababu. Waliiona kila siku nikitembea. Gari lilinivunja mguu wa kushoto pale kwenye kona ya soko la mjini, siku niliyopeleka ndizi kuuza, nikalala hospitali mpaka msimu wa kahawa ukapita bila mimi. Mfupa uliunga. Moyo ulikataa. Hata kwenye barabara yetu ya vumbi, ambako lori la ushirika hupita mara moja moja, nikisikia mngurumo nyuma yangu nilikuwa nakimbilia migombani, kibanja cha mtu yeyote, nikasimama humo nikitetemeka mpaka vumbi litue.

Kisha mdogo wangu Justina, aliyeolewa Kashai, alinitumia salamu kupitia kondakta wa basi: "Mwambieni dada aje. Siku zangu zimekaribia."

Mimba yake ya kwanza iliharibika akiwa peke yake nyumbani, mumewe yuko zamu kiwandani. Mama yetu tulikwisha kumzika. Nani mwingine angekwenda?

Usiku huo mume wangu Deo aliniuliza kama nitaweza. Nikamwambia, "Kwenda nitakwenda. Kuvuka barabara ndiko sijui nitavukaje."

"Basi nenda," akasema. "Barabara utaikuta huko huko."

Jumamosi alfajiri Deo alinipakia kwenye baiskeli, mimi na kapu langu: unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi, samli kidogo, kahawa ya kutafuna, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye hakuacha kulalamika mpaka Muleba. Ilikuwa Novemba, mvua ilikuwa imenyesha, na njia ilikuwa nyekundu na yenye utelezi. Penye miteremko tulishuka tukatembea. Kwenye shamba la ujamaa tuliwakuta wenzetu wa zamu ya asubuhi wameshaanza kulima, wakatupungia majembe. Mmoja akapaza sauti, "Ma Adelina, utuletee habari za mjini!" Nikajibu nitawaletea, nami moyoni nasema, kama nitarudi.

Muleba basi lilikuwa linangoja abiria. Ndani ya basi siogopi sana, kwa kuwa ukiwa ndani ya mnyama hakuumi. Nilipata nafasi karibu na baba mmoja aliyevaa koti la mvua, mkulima wa Muhutwe, na safari nzima aliongea habari ya mafuta. Alisema mafuta yamepanda bei dunia nzima, na ndiyo maana Serikali imeagiza magari ya watu binafsi yasitembee Jumapili kuanzia saa nane mchana. Agizo lile tulilisikia redioni Kishanda, tukacheka, tukasahau, maana kijijini kwetu hakukuwa na gari la kupumzishwa.

"Mjini wanaumia," alisema yule baba. "Wakubwa wanatembea kwa miguu kama sisi."

"Na wadogo?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Wadogo sijui. Wewe utaona."

Aliposhuka Muhutwe, nafasi yake niliwekewa debe la mtu. Kemondo tulinunua samaki wa kukaanga madirishani, na kutoka hapo ziwa likawa linaonekana na kupotea kati ya migomba, kijivu chini ya mawingu.

Kabla ya adhuhuri tulifika Rwamishenye. Basi lilikuwa linaendelea hadi stendi ya mjini, ambako shemeji yangu Fideli angenipokea, lakini nilipofikiria stendi ile na magari yake yanayorudi kinyumenyume, nilimwomba kondakta anishushe. Nilijua vijia vya kuzunguka mpaka Kashai bila kupita katikati ya mji. Kosa langu ni kwamba nilisahau upande wa kushukia. Vijia vilikuwa ng'ambo.

Nilisimama mbele ya duka moja na kapu langu. Lori la kahawa likapita. Nikangoja. Landrova ikapita. Barabara ikawa nyeupe kabisa, hata mbuzi angevuka, lakini miguu yangu haikuondoka. Nikaweka kapu chini nikajifanya namrekebisha jogoo kamba. Mwenye duka alitoka akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia napumzika. Akaleta kigoda, nikakaa, nami naona aibu ya mtu mzima anayesaidiwa kwa uongo wake.

Nilichookolewa nacho ni ng'ombe. Walikuja kundi zima na pembe zao ndefu, wanaswagwa kwenda machinjioni, wakajaza barabara kutoka mtaro hadi mtaro. Lori likasimama. Gari dogo nyuma yake likasimama. Hakuna aliyepiga honi. Niliona nafasi yangu, nikabeba kapu, nikaingia katikati ya mikia, nikatoka upande wa pili nimepakwa kinyesi kwenye khanga na moyo unanidunda. Mwenye duka alicheka mpaka akashika mlango. Nilipopata pumzi nilicheka pia, lakini kitu kimoja kiliniuma: ng'ombe wanaokwenda kufa walipishwa njia, na siku ile nilipovunjwa mguu mimi sikupishwa.

Kashai nilifika jua likiwa upande wa pili. Fideli alikuwa ametoka stendi akiwa na wasiwasi, na Justina alinipokea mlangoni, tumbo limetangulia, uso umevimba kidogo.

"Nyegera waitu, karibu dada! Tulidhani umeghairi."

"Nimekuja na ng'ombe," nikamwambia, nikamsimulia, na tulicheka tukishikana mikono.

Mtaa wao ulikuwa wa vyumba vya kupanga na maduka madogo, na njia ilipita hatua chache tu kutoka mlangoni. Alasiri nzima nilihesabiwa kila gari na madirisha yaliyotikisika. Malori yaliyokwepa mashimo ya barabara kuu yalikatiza hapo. Wanawake waliita watoto ndani kila mara, sauti zile zile, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Nilimwuliza Justina anawezaje kuishi hivyo.

"Ngoja kesho," akasema. "Kesho mchana utaona mtaa wetu ulivyo."

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza, polepole, Justina katikati yetu. Barabara kuu ilikuwa bado na magari, nami nilivuka nimeshika mkono wa Fideli kama kipofu. Tukarudi, tukapika ndizi na maharagwe. Tulikuwa bado tunakula wakati niliposikia kitu cha ajabu. Nilisikia mji umenyamaza. Halafu nikasikia milango ikifunguliwa, na mikeka ikikung'utwa.

Nilipotoka nje, wanawake walikuwa wanatandika mikeka katikati ya barabara. Ulikuwa msimu wa senene, na kila mmoja alitoka na ungo au beseni lake, wakakaa kwa duara wakinyonyoa mabawa na miguu, wakisengenya. Wanaume walileta meza na bao. Mtu aliweka redio kwenye kiti. Watoto waliruka kamba kutoka ukuta wa upande huu hadi ukuta wa upande ule, na hakuna mama aliyepaza sauti.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa mama, Ma Leokadia, Mlutheri, fundi cherehani. Ndiye aliyeanzisha mikeka ile. Aligonga nafasi karibu naye kwa kiganja. "Njoo, mgeni. Mkeka hauumi."

"Nitakaa hapa kibarazani."

"Hapo ni pa kuangalia. Huku ndiko kwa kukaa."

Justina aliniambia kwa sauti ndogo, "Dada, nitakaa na wewe." Akashuka na tumbo lake, nami nikaona aibu kubaki. Nilikaa juu ya mkeka, chini yake kokoto za njia ya malori, na kwa muda mrefu shingo yangu iligeuka huku na huku yenyewe. Mabawa ya senene yalipaa kwa upepo. Kidogo kidogo shingo ikachoka kugeuka.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Kamugisha. Alikuwa mfanyabiashara, mwenye pijo jeupe, gari pekee la mtaa, na alikuwa amechelewa kidogo kurudi. Alipiga honi kwa nguvu, nami nilikuwa nimesimama ukutani kabla sijajua nimeinuka. Wanawake walivuta mikeka taratibu, bila haraka hata kidogo.

"Hii ni barabara ama ni sebule?" alisema dirishani.

"Leo ni sebule, Bwana Kamugisha," Ma Leokadia akamjibu. "Kesho utarudishiwa barabara yako."

"Agizo linasema magari yasitembee. Halikusema watu walale njiani!"

"Hatujalala. Egesha, uje ule senene."

Hakuja. Alifunga geti lake kwa kishindo.

Haukupita muda Justina akanishika mkono. Nilidhani ananituliza. Nikaona midomo yake imekauka.

"Dada, yameanza. Tangu asubuhi yalikuwa yananijia nikanyamaza. Sasa yamekuwa mengine."

Maji yalikuwa yameloanisha mkeka. Fideli alikimbia kutafuta gari la kubeba mgonjwa akarudi anahema: teksi hazipo, gari la hospitali limekwenda vijijini. Mkunga wa mtaa alimgusa Justina tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, asijaribiwe nyumbani. Wote tukaangalia geti moja.

Bwana Kamugisha alitoka na kandambili. Alisikiliza, akatazama gari, akatutazama.

"Nimeshawahi kusimamishwa na trafiki Jumapili. Nikikamatwa tena?"

"Mgonjwa anaruhusiwa," alisema Ma Leokadia. "Na mimi nitakaa mbele. Askari akiuliza, aniulize mimi balozi."

"Na huko njiani? Mmeijaza nyinyi wenyewe!"

Hilo lilikuwa kweli, na lilituchoma. Lakini kabla hajamaliza kusema mikeka ilikuwa imekunjwa, meza zimebebwa, watoto wamepangwa ukutani. Njia ikawa wazi kama imefagiliwa. Bwana Kamugisha alitazama, akaenda kuchukua ufunguo.

Mtaa wetu tuliutoka vizuri. Taabu ilikuwa barabara kuu. Sijawahi kuona watu wengi namna ile Bukoba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa pembeni. Walitembea katikati, familia nzima na nguo za kanisani, wazee wenye fimbo, vijana wenye mpira, kikundi cha ngoma kimezungukwa na watazamaji. Laiti ningekuwa nimekuja kutembea tu, ningefurahi. Bwana Kamugisha akapiga honi. Vijana waligeuka wakaona pijo jeupe siku ya marufuku, wakatuzingira.

"Jumapili leo! Egesha! Shuka utembee kama wenzako!"

Walipiga boneti kwa viganja. Ma Leokadia alipaza sauti dirishani, ikamezwa na ngoma. Honi ikazidi, na hasira ikazidi. Justina, kichwa chake kwenye mapaja yangu, alilia mlio ambao sijausahau, na Bwana Kamugisha akasema, karibu kulia yeye pia, "Hawasikii. Mtu hasikii honi."

Ndipo nilipotazama nje nikajua tulipo. Ilikuwa kona ya soko. Mtaro ule ule nilioangukia.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka kumpa Fideli kichwa cha Justina, nakumbuka mlango ulivyokuwa mzito kufunguka kwa sababu ya watu. Nikavua kitenge cha mabegani, nikasimama mbele ya gari, mgongo wangu kwenye taa zake, nikakipeperusha juu na kupiga yowe: "Mpisheni mzazi! Waitu, mzazi! Mpisheni!"

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alinielewa wa kwanza. Akageuka akapokea, "Mpisheni mzazi!" Mwingine mbele yake akapokea. Ngoma ikakatika. Wale vijana waliokuwa wanapiga boneti wakatangulia kunisaidia kugawa watu, mmoja akibeba mpira kwapani na kusema, "Samahani mama, samahani sana." Nikaanza kutembea. Nyuma yangu injini ilinguruma, karibu kiasi cha kuhisi joto lake kwenye vigimbi vya miguu. Kila nywele yangu ilisimama. Mguu wa kushoto uliburuta. Nilijua nikisimama nitashindwa kuanza tena, nikaendelea, nikapiga yowe mpaka sauti ikakwaruza, na gari likanifuata kwa mwendo wangu mimi, mwendo wa kilema, halikunipita wala halikunigusa, hadi geti la hospitali.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama wakati muuguzi alipotoka wodini akauliza ndugu wa Justina ni nani. Tulisimama wanne. Alicheka kutuona.

"Ni msichana. Mama yake amechoka, lakini wote wazima."

Fideli alikaa chini sakafuni. Ma Leokadia alianza wimbo wa kilutheri, nami nikaufuata kwa maneno ya kikatoliki, na muuguzi akatuomba tuimbe nje. Nje nilitapika kwenye nyasi, kisha nikacheka, kisha nikalia. Kila kilichokuwa kimenikaza tangu nivunjwe mguu kilikuwa kinatoka kwa mlango wowote kilioupata.

Bwana Kamugisha alikuwa amesimama karibu na gari lake, kandambili miguuni. Nilimwambia, "Wakora waitu." Akanishukuru na yeye, sikujua kwa nini, mpaka aliposema: "Pale kona ndipo nilipokutambua. Nilikuona ukianguka siku ile sokoni, miaka ile. Sikuwa mimi niliyekugonga. Lakini nilikuwa nyuma ya aliyekugonga, nikampigia honi aondoke, ananichelewesha."

Nikamwambia, "Leo nilipokuwa mbele yako hukunipigia honi."

Akasema, "Leo nilikuwa naona mgongo wako."

Mgonjwa alikuwa ameshafikishwa, na agizo lilikuwa bado ni agizo. Aliliacha gari hospitalini, tukarudi Kashai kwa miguu, watatu, Fideli akibaki na mkewe. Watu walikuwa bado barabarani. Wale wa kona ya soko walituuliza kwa mbali, "Amejifungua?" Ma Leokadia akapaza sauti, "Msichana!" na vigelegele vikatutangulia barabara nzima. Bwana Kamugisha alisalimiwa na watu ambao hakujua kuwa wanamjua. Mmoja alimwambia anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Alishangaa. Mimi nilitembea katikati kabisa ya barabara na sikugeuza shingo.

Nilikaa Kashai mpaka mtoto alipoanza kufuata sauti kwa macho. Wiki ya pili Ma Leokadia aliita mkutano wa nyumba kumi, na wa jirani wakaja. Hoja ilikuwa malori ya kukatiza. Wengine walihofia kufunga njia, wakitaja siku ile: ingekuwaje kwa mgonjwa? Bwana Kamugisha akainuka akasema mgonjwa alipitishwa na watu haohao wenye mikeka, tena upesi kuliko siku yoyote ya malori. Walikubaliana kuweka magogo mawili kwenye mdomo wa mtaa, yanayoweza kubebwa na watu wanne, na kwenda ofisi ya mji kueleza. Walirudi wameambiwa wajaribu. Nilipoondoka, magogo yalikuwa bado yapo na watoto walikuwa wanayakalia siku za kazi pia.

Asubuhi ya kurudi, Fideli alitaka kunisindikiza mpaka mlango wa basi. Nilimwacha ukingoni. Niliangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikangoja lori moja, nikavuka. Hofu ilikuwepo. Ilivuka pamoja nami, ikakaa karibu yangu kwenye kiti, na tulipofika Kemondo nilikuwa nakula samaki nimeisahau.

Wenzangu wa shamba la ujamaa waliniuliza habari za mjini, nami nimewaeleza kama ninavyowaeleza ninyi. Nilikwenda nikiamini barabara ni mali ya magari na sisi tunaiba nafasi. Nimerudi nikijua wenye magari waliipata kwa sababu tuliwaachia, na kwamba tukikaa humo pamoja, bila ubaya, hata mwenye gari hupata mahali pa kutembea. Deo alinipokea Muleba na baiskeli yake. Penye mteremko wa kuingia Kishanda lori la ushirika lilitujia kwa nyuma. Nilisogea pembeni, kwenye majani, hatua moja tu. Dereva akapunguza mwendo, akatoa mkono dirishani kunisalimu, nami nikampungia.